Meno ya Bi Maryam

Jumamosi ambayo Bi Maryam alikuwa arudi Mombasa, asubuhi yake meno yake hayakuonekana.

Kila usiku aliyavua akayatia katika glasi ya maji, na glasi akaiweka chooni, kando ya bomba. Glasi ilikuwapo na maji yalikuwapo. Meno hayakuwapo. Bi Maryam alisimama akiitazama glasi ile, kisha akajiziba mdomo kwa ncha ya kanga, maana mkwewe alikuwa sebuleni, na tangu amuoze binti yake hajapata kumwonyesha fizi zake.

"Mwatime," aliita kwa sauti iliyozibwa. "Hebu njoo."

Mwatime alikuja na mwiko mkononi. Aliitazama glasi, akamtazama mamake. "Yawapi?"

"Ningejua yawapi ningekwita?"

Walitafuta chini ya sinki, ndani ya ndoo ya takataka, nyuma ya mashine ya kufulia. Mwatime alikung'uta taulo zote. Hakuwa na wakati wa mambo haya. Ndege ilikuwa ya jioni, na ingawa kutoka kwao Sterling, huko Amerika, hadi uwanja wa ndege wa Dulles si mbali, siku hiyo ilikuwa na mpango wake, na mpango ule ulitaka kila kitu kiende kwa saa.

Mpango wenyewe ulikuwa huu. Watu wazima watatu, wenye akili zao timamu, walikuwa wamekaa jikoni jioni baada ya jioni wakinong'ona namna ya kumtoroka mtoto wa miaka tisa. Saa tisa alasiri Abdulghafur, mumewe Mwatime, angemchukua Nuha, ampeleke kule mahali pa kurukaruka ambapo watoto wa shuleni kwake walikuwa wakipataja. Huku nyuma Mwatime angemtia mamake garini, mbio uwanjani. Nuha akirudi, amelowa jasho na amefurahi, Bi Maryam angekuwa hayupo.

Kwa watu hawa kumtoroka mtoto si dhambi wala si jambo la kuonewa haya. Mtu akisafiri, mtoto hupelekwa dukani, au kwa jirani, au hulazwa. Akirudi, mtu keshaondoka. Atalia, kisha atanyamaza. Kumuaga ni kumtonesha bure, ndivyo wasemavyo, na waliotorokwa wakiwa wadogo ndio wanaolisema hilo kwa nguvu zaidi. Nuha alikuwa ameambiwa kwamba amekuja Amerika na mamake kutembea, na kwamba watakwenda kwao pamoja. Hilo nalo lilikuwa uongo, lakini nani angeanza kulirekebisha?

"Mamake" hapa ni Bi Maryam. Mwatime alimzaa Nuha nyumbani kwao, akiwa binti mdogo bado na haya zake, na mtoto wa kwanza wa namna hiyo huwa wa bibi. Wadogo zake Mwatime walimwita Da Mwatime, na mtoto akaokota lile lile. Bi Maryam ndiye aliyeitwa Mama. Mwatime alipomfuata mumewe Amerika, mtoto akiwa na miaka minne, karatasi za mtoto zilikwama, na zilipokwamuka alikuwa na miaka tisa. Bi Maryam ndiye aliyemleta. Viza yake ilikuwa ya kutembea, magoti yake hayakupenda baridi, na sasa Novemba ilikuwa imeingia.

Mwatime alikuwa na matumaini yake. Alidhani mtoto akiketi naye miezi mitatu, akila chakula chake, akisukwa nywele na mikono yake, ulimi wake utajigeuza wenyewe. Haukugeuka. Siku ya kumwandikisha shule, yule mama wa mapokezi alimwinamia Nuha akamuuliza kwa Kiingereza, huku akitabasamu, kama huyu ndiye mamake. Nuha alikuwa amejifunza maneno machache kwenye simu. "No," alijibu. "My sister." Tabasamu la yule mama likapungua kidogo. Akaomba vitambulisho, akaviangalia, akaenda navyo ofisi ya ndani, akarudi, akaviangalia tena. Mwatime alisimama pale mbele ya foleni ya wazazi wenzake, akithibitisha kwa karatasi kwamba alizaa. Jambo hilo halijamtoka moyoni hadi leo.

*

Abdulghafur alikuwa hajalala. Alikuwa ametoka zamu ya usiku ya ulinzi katika moja ya majengo yale makubwa yasiyo na madirisha, yaliyojaa kompyuta, na macho yake yalikuwa mekundu. Aliposikia habari ya meno alitaka kusaidia bila ya kumtazama mkwewe, na hilo si jambo jepesi katika nyumba ya vyumba viwili.

"Labda yametumbukia kwenye bomba," alisema akiutazama ukuta.

"Meno yangu si pete, mwanangu, hata yapite kwenye bomba," alisema Bi Maryam nyuma ya kanga.

Hata hivyo alilifungua bomba la chini ya sinki. Maji meusi yakammwagikia kwenye soksi, na nywele, na kipande cha sabuni. Meno hayakuwamo. Abdulghafur alikaa sakafuni na ufunguo wa mabomba mkononi, akasema neno ambalo hakuwa amelisema mbele ya mkwewe maishani mwake, kisha akaomba radhi kwa ukuta.

"Asafiri bila ya meno basi," alisema Mwatime. "Atakwenda kutengeneza mengine Mombasa."

"Na ndani ya ndege nile nini? Na nikifika, dada zangu wote wako uwanjani wanipokea, niwachekee hivi?" Bi Maryam aliiachia kanga kidogo, Mwatime pekee aone, kisha akaifunga tena. "Mimi sendi kokote hivi. Mwajua nyote. Hata dukani sendi."

Nuha alikuwa mezani muda wote huo akinywa chai kwa mkate, amevaa sweta lake la kijani. Aliulizwa na kila mmoja kwa zamu kama ameyaona meno ya Mama. Kwa kila mmoja alijibu, "La," kwa adabu, akaendelea kutafuna.

*

Saa saba Cherono alibisha hodi. Alikuwa anafanya kazi na Mwatime katika jiko la vyakula vya ndege, wakipanga trei meza moja, na alikuwa ameahidiwa nafasi sandukuni kwa viatu vya kakake Mutai aliyeko bandarini Mombasa. Hakuna mtu aliyekumbuka kumwambia kwamba safari ile ilikuwa ya siri.

"Mathe!" alisema akiingia, mikono wazi. "Leo ndio leo. Umeshapack? Flight ni saa ngapi?"

Abdulghafur akaanza kukohoa. Bi Maryam alijiziba uso mzima sasa, si mdomo tu. Mwatime alimshika Cherono mkono, akamrudisha mpaka ujiani, viatu vya Mutai na mfuko wake.

"Umetuharibia, Cherono. Mtoto hajui."

"Hajui nini?"

"Kwamba Mama anakwenda na yeye anabaki."

Cherono alichungulia juu ya bega la Mwatime. Nuha alikuwa anakusanya makombo ya mkate kwa kidole.

"Huyo?" alisema. "Huyo anajua, Mwatime. Ata hajageuka. Mimi nikiwa hivyo, mum alienda kazi Nairobi, wakanituma kwa nyanyangu nilete chumvi. Nilirudi na chumvi. Nilikaa kwa gate nayo mpaka jioni." Aliuweka mfuko wa viatu chini. "Si mumwambie tu? Atalia, so what? Ni kwao."

"Wewe huelewi mambo yetu."

"Sawa," alisema Cherono. "Lakini hizo viatu ni size nane, aambie Mutai asizibadilishe."

Akaondoka. Mwatime alibaki ujiani na hasira zake, na haikumpa raha kuona kwamba hasira zenyewe hazikuwa za Cherono. Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa imeishia mezani pao, kwenye makombo ya mkate.

*

Alimkuta Nuha chumbani, ameketi kitandani, mkono mmoja ndani ya mfuko wa sweta. Mwatime hakuanza vizuri. Alivuta droo, akamwaga soksi. Alivua foronya. Alitoa vitabu vyote kwenye mkoba wa shule, akautikisa kichwa chini mpaka penseli zikatawanyika. Alijisikia akipiga kelele juu ya adabu, juu ya mtoto asiyesema kweli, juu ya watu kuchelewa ndege, na mtoto akawa anamtazama tu. Mwisho macho yake yakaanguka kwenye ule mkono uliofichwa.

"Nipe, Nuha."

"Mama hendi kokote bila ya meno," alisema Nuha.

"Nani kakwambia anakwenda?"

"Sanduku lake liko garini. Nimeliona jana. Na Baba anataka kunipeleka nikaruke, na yeye hajalala." Alitafakari. "Na tangu jana nyote mwanichekea."

Mwatime akarudia lile la mwanzo. "Nipe meno, mwanangu."

"Hata wewe, Mjomba alinipeleka kununua barafu."

"Barafu gani?"

"Siku uliyokwenda zako. Barafu ya ukwaju, kwa Bi Zuwena. Nikakununulia na wewe. Niliporudi hukuwapo."

"Ulikuwa mdogo sana. Huwezi kukumbuka."

"Nakumbuka. Ilikuwa yatona kwenye gauni langu. Mama akaitia frizani, akasema tuiweke, Da Mwatime atakuja aile. Kila siku nikienda kuitazama. Ikakaa, ikakaa, mpaka Ramadhani. Kisha stima zikapotea siku mbili, ikayeyuka."

Mwatime alikaa chini, juu ya soksi na penseli. Miaka mitano alipanga trei, uma upande huu, kijiko upande ule, na kilichomsaidia kusimama pale ni neno moja aliloambiwa kwenye simu siku alipofika: alilia kidogo, kisha akasahau. Hakuna aliyemtajia barafu. Aliona uchungu, na uchungu ule haukuwa na pa kwenda, maana angemlaumu nani ambaye hakumtaka mema? Akainuka akaenda kumlaumu mamake.

*

"Kwa nini hukuniambia?"

Bi Maryam alikuwa amekaa kwenye kochi na koti la baridi, tayari kwa safari asiyoweza kuianza. Mwatime alimweleza yaliyosemwa chumbani, na habari ya barafu aliieleza mara mbili, mara ya pili kwa sauti kubwa.

"Ningekwambia, ungefanyaje?" aliuliza Bi Maryam. "Ungerudi? Karatasi zako ungezitupa?"

"Ningejua."

"Kujua kungekupa nini? Mimi ndiye niliyekaa naye mbele ya hilo frizi, Mwatime. Si wewe."

Abdulghafur alitazama saa yake. "Jamani, kule kwa kurukaruka nimebook saa tisa. Kama hatuendi, nicancel sasa hivi, maana nikichelewa pesa hawarudishi."

"Cancel," alisema Mwatime.

"Alaa. Na mpango?"

"Leo hatorokwi mtu. Ataambiwa, ataletwa uwanjani, atamuaga."

"Atalia kule mbele za watu," alisema Bi Maryam. "Wazungu wote watutazame. Waseme tumemfanya nini mtoto."

"Watutazame."

Bi Maryam alipojibu alisahau kuziba mdomo, na maneno yakatoka laini bila ya meno ya kuyazuia. "Wewe wadhani namtoroka kwa ajili yake? Nikimuaga mtoto huyu, mimi sipandi ile ndege. Kukuaga wewe pia sikuweza. Nilikaa jikoni nakuna nazi mpaka gari likaondoka. Hukuona kwamba sikutoka?"

Mwatime alikuwa ameona. Alidhani mamake alikuwa na shughuli.

Nuha alikuwa amesimama mlangoni, mkono mfukoni. "Nitampa huko huko uwanjani," alisema. "Si hapa."

"Utanipa sasa hivi, ewe mtoto," alisema Bi Maryam.

"Hapa nikikupa, mtanipeleka nikaruke."

Hakuna aliyeweza kumwambia kwamba si kweli. Alikuwa na miaka tisa, na katika nyumba ile nzima hakuna aliyemwachia sababu ya kuwaamini.

*

Basi wakaenda wote wanne. Abdulghafur aliendesha huku akipiga miayo. Nuha alikaa nyuma kati ya mama wawili, na mkono haukutoka mfukoni hata walipopita geti la maegesho.

Kwenye kaunta ya mizigo foleni ilikuwa ndefu. Zamu yao ilipofika, kijana wa kaunta aliifungua pasipoti, akatazama picha, akamtazama Bi Maryam aliyejifunga kanga mpaka chini ya macho. Kwa upole akasema anahitaji kumwona uso. Mwatime alifasiri. Bi Maryam alitikisa kichwa. Kijana akarudia, safari hii polepole na kwa sauti ya juu, namna wanavyosemeshwa viziwi na wageni. Watu wa nyuma wakaanza kuchungulia. Mwanamke mmoja alimvuta mtoto wake karibu.

"Mama, ishushe tu," alisema Mwatime. "Ni mara moja."

Bi Maryam akaishusha. Bila ya meno mashavu yake yalikuwa yameingia ndani, na kidevu kimepanda juu, na mtu aliyekuwa kwenye picha, mwenye mdomo uliojaa na kiburi chake cha Mji wa Kale, hakuwapo pale. Kijana aliitazama picha, akautazama uso, akaitazama picha tena. Akamwita mwenzake. Wakatazama wote wawili. Abdulghafur alijigeuza akawa anasoma ubao wa safari, mji mmoja baada ya mwingine, ingawa hakuwa akienda kokote.

Nuha ndiye aliyemtazama mpaka mwisho. Hakuwa amewahi kumwona mamake huyu akitazamwa hivyo na watu. Uso wake ulivurugika, na mkono ukatoka mfukoni na kifurushi cha karatasi laini kilichofungiwa meno.

"Shika," alisema. "Shika, Mama. Yavae."

Bi Maryam aligeukia nguzo, akayatia meno yake, makavu na yenye vipande vya karatasi. Alipogeuka alikuwa yeye. Kijana alitabasamu kwa mara ya kwanza, akapiga muhuri alichokuwa akipiga, na sanduku likaenda zake na viatu vya Mutai ndani.

Mbele ya kamba za ukaguzi, ambapo wasiosafiri hawapiti, Bi Maryam alimshika Nuha mabega. Mdomo wake ulifunguka, ukafungwa. Ilikuwa kazi ngumu kuliko ile ya kushusha kanga.

"Mimi nakwenda, mwanangu," alisema mwishowe. "Nakwenda kweli. Wewe wabaki hapa na mama yako. Sirudi leo, wala kesho."

"Lini?"

"Sijui. Mungu akinipa magoti."

Walikuwa wamejiandaa kwa kilio cha mtoto. Mwatime alikuwa na maji kwenye chupa na biskuti mkobani, na Abdulghafur alishasimama nyuma yake tayari kumbeba. Aliyelia ni Bi Maryam. Alilia kwa sauti, katikati ya watu waliovua mikanda na viatu, mwanamke mzima wa miaka sitini na tano, mpaka mlinzi mmoja akasogea kuuliza kama kuna tatizo, na Mwatime akawa hana Kiingereza cha kumwambia kwamba hapana, hivi ndivyo ilivyopasa kuwa tangu mwanzo. Nuha alimfuta bibi yake machozi kwa mkono wa sweta. Kisha Bi Maryam akapita kamba, akawa anageuka kila hatua, mpaka ukuta ukamchukua.

Nuha hakuondoka pale. Wapitanjia walimkwepa.

"Amekwenda kweli, au amejificha?" aliuliza.

"Amekwenda kweli," alisema Mwatime. "Si umemwona?"

"Nimemwona."

*

Garini hakuna aliyewasha redio. Abdulghafur alikuwa ameanza kuota ndoto macho wazi, kwa hiyo Mwatime ndiye aliyeendesha. Kila alipotazama kwenye kioo alimwona Nuha amegeukia dirisha, uso mkavu, na alitamani mtoto alie, ampige, amtukane, afanye jambo ambalo mama angeweza kulishika. Alikuwa amemleta mtoto wake aage, na hakuna alichopata. Kiti cha nyuma kilikuwa na nafasi kubwa sasa, na Nuha alikuwa amebaki pale pale katikati.

Walipokaribia nyumbani Nuha alisema, "Kesho wenda kazini?"

"Nakwenda."

"Saa ngapi?"

"Mapema. Saa kumi. Utakuwa usingizini." Miezi hii yote Mwatime alikuwa akitoka alfajiri na viatu mkononi, akivivalia nje mlangoni kwenye baridi, mtoto asiamke. Alikuwa akijisifu kwa hilo. Alidhani ni mapenzi.

"Uniamshe," alisema Nuha.

"Saa kumi ni mapema mno, mwanangu. Shule ni Jumatatu, kesho lala tu."

"Uniamshe, Da Mwatime. Usende mpaka uniamshe."

Mwatime alikuwa akilingojea jina jingine, na alikuwa amelingojea miaka mitano. Aliegesha gari, akazima injini, akamgeukia.

"Nitakuamsha," alisema.

Nuha akafungua mkanda, akateremka, akasimama kando ya mlango wa Mwatime akimngoja atoke.